Kufunga giaboksi ya 200-4R kutoka yadi ya magari chakavu kwenye Chevelle ya 1970: mwongozo kamili

Chevrolet Chevelle ya 1970 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, ni mojawapo ya yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, na hata leo nguvu yake haimwaibishi mwenyewe. Udhaifu wake huonekana kwenye barabara kuu. Giaboksi yake ya otomatiki, Turbo-Hydramatic 350, ina gia tatu tu, na ya tatu huzungusha propela kwa kasi ileile ya injini. Kwa difu yenye uwiano wa 3.31 na tairi yenye kipenyo cha inchi 26, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huilazimisha injini kuzunguka karibu mara 2,660 kwa dakika, kwa hiyo safari ya saa tatu huwa ni saa tatu za kelele na mafuta mengi.

General Motors yenyewe ilitengeneza dawa ya tatizo hili miaka kumi hivi baadaye, pale sheria za matumizi ya mafuta zilipoibana. Giaboksi ya 200-4R, iliyofungwa kwenye magari yake kati ya 1981 na 1990, ina gia nne zenye uwiano wa 2.74, 1.57, 1.00 na 0.67. Hiyo ya nne ndiyo ovadraivu: kwa gari lilelile na mwendo uleule, injini hushuka hadi mizunguko 1,780 hivi. Na kwa kuwa gia ya kwanza ni fupi kuliko ile 2.52 ya giaboksi ya zamani, gari huondoka kwa wepesi zaidi kutoka mahali liliposimama.

Watu wengi hukimbilia 700R4, ndugu yake mkubwa, kwa sababu ni rahisi kuipata. Sina ugomvi nayo, ila ina urefu wa inchi 30 na robo tatu, hivyo inakulazimu kukata propela, na pengo kati ya gia yake ya kwanza (3.06) na ya pili (1.63) ni kubwa kiasi kwamba injini huanguka mizunguko kila inapobadilisha. Urefu wa 200-4R ni karibu inchi 27 na robo tatu, sawa na Turbo 350 yenye mkia mfupi wa inchi 6, na shafti yake ya kutokea ina meno 27 kama ya zamani. Propela yako, na hata nira yake ya mbele (kipande kinachoingia kwenye shafti ya giaboksi), hurudi palepale bila kuguswa.

Kwa hiyo upande wa chuma, kazi hii ni nyepesi kuliko inavyosimuliwa. Kinachoziua giaboksi hizi baada ya kufungwa ni kebo moja nyembamba inayotoka kwenye kabureta, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu nimeipa hiyo kebo.

Kuchagua yadini

Tafuta magari ya General Motors ya miaka ya themanini yanayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma: Chevrolet Caprice na Monte Carlo, Buick Regal, Oldsmobile Cutlass, Cadillac Brougham. Ubavuni mwa giaboksi, upande wa abiria, kuna kibati chenye herufi za utambulisho. Herufi BRF ni za Buick Grand National ya 1986 na 1987, nazo husakwa kama dhahabu. CZF ni za Monte Carlo SS. Ukizikosa usihuzunike, kwa sababu giaboksi ya Caprice ya kawaida iliyofanyiwa ukarabati mzuri itaimudu injini ya 350 isiyoongezewa nguvu.

Angalia uso wa mbele unaoshikana na injini. Giaboksi nyingi za 200-4R zina matundu ya aina mbili kwa pamoja, ya injini za Chevrolet na ya injini za Buick, Oldsmobile na Pontiac, hivyo hata ikiwa imetoka kwenye Cutlass itakaa kwenye injini yako bila bamba la kuunganishia. Hesabu matundu ya muundo wa Chevrolet kabla ya kulipa.

Kisha chomoa kijiti cha kupimia mafuta, upake tone kwenye karatasi nyeupe na ulinuse. Mafuta mekundu au ya kahawia iliyopauka ni dalili njema. Mafuta meusi yenye harufu ya mkate ulioungua yanakuambia kwamba sahani za klachi zimekwisha. Ukiruhusiwa kufungua sampu, tazama sumaku iliyo ndani yake. Ukungu mweusi laini ni uchakavu wa kawaida, lakini chembe za rangi ya shaba nyeupe au njano ni bushi zinazolika, na vipande vya plastiki mara nyingi vimetoka kwenye gia ya gavana, kifaa kinachoipa giaboksi habari ya mwendo wa gari.

Usiondoke yadini bila vitu hivi: kebo ya valvu ya throtli pamoja na kishikio chake cha kwenye kabureta, bomba la kijiti cha mafuta, plagi ya umeme ya ubavuni ikiwa na kipande cha waya wake, kifuniko cha vumbi cha chini na kizibo cha gia ya spidomita. Kila kimoja ni cha bei ndogo yadini na ni usumbufu mkubwa ukianza kukitafuta kimoja kimoja. Kitu cha kuacha ni konveta, yaani chombo cha duara chenye mafuta kinachopitisha nguvu ya injini hadi kwenye giaboksi. Uchafu wa klachi zilizokufa hujificha ndani yake na hakuna namna ya kuusafisha bila kuikata, kwa hiyo nunua iliyokarabatiwa, yenye klachi ya kujifunga na mizunguko ya kushika (kasi ya injini ambayo konveta huanza kubana) inayolingana na camshafti yako.

Ushauri wangu ni kuihesabu giaboksi ya yadini kama mwili wa kukarabati. Ifungue au mpelekee fundi wa giaboksi, aweke sili na sahani mpya, na asisahau pete za rota ya pampu, kwani za awali huvunjika injini inapozungushwa kwa kasi. Zipo za chuma kigumu zinazotatua tatizo hilo.

Kuiondoa ya zamani

Chomoa waya wa betri. Inua gari kwa jeki na uliweke kwenye stendi nne imara, kwa urefu utakaoruhusu giaboksi kutoka ikiwa juu ya jeki yake. Mwaga mafuta, weka alama ya rangi kwenye propela na flenji ya difu ili zirudi zilivyokuwa, kisha itoe propela. Ondoa kebo ya spidomita, fimbo za kubadilisha gia, mabomba ya mafuta yaendayo kwenye rejeta, na kile kibomba chembamba cha vakyumu kinachoingia kwenye modyuleta, kifaa kinachoipa Turbo 350 habari ya mzigo wa injini. Kibomba hiki hakina kazi tena kwa sababu 200-4R haina modyuleta. Ziba mdomo wake kwenye manifoldi, la sivyo injini itavuta hewa na kutetemeka ikiwa bila mzigo, nawe utailaumu giaboksi bure.

Fungua bolti tatu za konveta kupitia chini, ukizungusha injini kwa mkono. Shikilia injini kwa kipande cha mbao chini ya sampu yake, fungua boriti inayobeba giaboksi, halafu bolti zinazoishikanisha giaboksi na injini. Giaboksi na konveta yake ina uzito unaozidi kilo 50, na huo si mzigo wa kupokewa kifuani. Tumia jeki ya giaboksi yenye mnyororo.

Ikiwa nje, kagua sili ya nyuma ya krenki, pini mbili za kuelekeza zilizo nyuma ya bloku, na fleksipleti, yaani bamba jembamba la duara linalounganisha krenki na konveta. Kama fleksipleti ina nyufa kuzunguka bolti zake, ibadilishe, na ukifunga mpya kaza bolti za krenki kwa pauni-futi 60. Hakikisha pia ina matundu yanayolingana na konveta mpya. Nyingi za Chevrolet zina duara mbili za matundu, ya inchi 10.75 na ya inchi 11.5. Bolti za konveta ya 200-4R ni za milimita 10, si za inchi kama za zamani, hivyo usijaribu kurudisha zilizotoka.

Kuiunganisha na injini

Hapa nataka uende polepole. Mimina kama lita moja ya mafuta kwenye konveta, ipake mafuta shingo yake, kisha iingize kwenye giaboksi huku ukiizungusha na kuisukuma. Inatakiwa kuzama mara tatu: mara ya kwanza inaposhika meno ya shafti ya kuingilia, ya pili meno ya steta, na ya tatu, ambayo ndiyo hudanganya watu, pale mikato ya shingo yake inapoingia kwenye rota ya pampu. Kila mara utahisi mtikiso mdogo mkononi na kusikia mlio mzito. Baada ya ule wa pili konveta hutulia vizuri kabisa na kuonekana imefika.

Giaboksi yangu ya kwanza niliifunga baada ya milio miwili. Giaboksi ilikataa kugusana na injini kwa nafasi ya sentimita moja hivi, nami nikaamua kuivuta kwa bolti. Ilivutika vizuri, halafu ikalia kama biskuti. Pampu ilikuwa imepasuka, na wiki mbili za kazi zikaanza upya.

Giaboksi inatakiwa kugusa bloku kwa mkono, bila bolti kuivuta, na pini za kuelekeza zikiwa ndani ya matundu yake. Zikishagusana, zungusha konveta kwa vidole: izunguke kwa uhuru, na kati yake na fleksipleti kuwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5. Nafasi hiyo ikikosekana, konveta haijafika. Ikizidi, utahitaji washa. Kipimo kikiwa sawa, kaza bolti za bloku kwa pauni-futi 35, kisha ivute konveta mbele kwa mkono hadi iguse fleksipleti na ukaze bolti zake tatu kwa kiwango hicho hicho.

Boriti, propela na fimbo ya gia

Urefu wa jumla ni uleule lakini mahali pa kuibebea pamehama. Mauntini ya Turbo 350 iko inchi 20 na kidogo kutoka uso wa injini. Ya 200-4R iko kwenye inchi 27, karibu palepale pa Turbo 400 iliyofungwa kwenye Chevelle za injini kubwa. Hii ni bahati njema, kwa sababu fremu za 1968 hadi 1972 mara nyingi tayari zina matundu ya kurudisha boriti nyuma. Irudishe, chonga tundu la mauntini liwe refu kidogo ikilazimu, na usikubali kukaza bolti huku giaboksi ikivutwa upande. Kagua kebo ya breki ya maegesho, kwani hupita eneo hilo na isipewe nafasi itasuguliwa na boriti. Mabomba ya moshi nayo yatazame kwa jicho hilohilo.

Gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, nira ya propela ibaki na nafasi ya milimita 19 hadi 25 kabla ya kugonga mwisho. Pima pembe ya giaboksi na pembe ya difu kwa kipimo cha sumaku. Zilingane, na tofauti isizidi nyuzi moja, ili krosi zisitetemeke kwenye mwendo mkubwa.

Fimbo ya gia ya zamani ilikuwa na nafasi sita, ya sasa ina saba. Badilisha kibati cha mikato ndani ya kishikio, kisha rekebisha urefu wa fimbo ukianzia kwenye nafasi ya kuegesha. Jaribu kila nafasi kwa sikio na kwa mkono kabla ya kuwasha, na uhakikishe stata inazunguka kwenye nafasi ya kuegesha na ya huru peke yake.

Kebo ya valvu ya throtli

Katika Turbo 350, kebo ya kabureta ina kazi moja: kuishusha gia unapokanyaga hadi mwisho. Ikikatika, gari linaendelea kwenda. Fundi aliyezoea hiyo huifunga kebo ya 200-4R kwa mazoea yaleyale, na hapo ndipo msiba unapoanzia, kwa sababu kebo hii ndiyo inayoiambia giaboksi injini inatoa nguvu kiasi gani, nayo giaboksi hupandisha shinikizo la mafuta linalobana sahani za klachi kulingana na habari hiyo. Kebo ikilegea, giaboksi hudhani unaendesha polepole wakati injini inamwaga nguvu yake yote. Sahani huteleza, zinapata moto, na zinaweza kuungua katika safari moja fupi, dereva akifurahia jinsi gia zinavyobadilika kwa ulaini.

Sharti la kwanza ni jiometria. Umbali kutoka katikati ya shafti ya throtli hadi pini inayoshika kebo unatakiwa kuwa takribani milimita 28. Kabureta ya Quadrajet iliyotoka kwenye gari lenye giaboksi hii tayari iko sawa. Kabureta ya Holley na nyinginezo za kuongezewa huhitaji kibati cha kusahihisha, kinachouzwa kwa ajili hiyo. Kutoboa tundu kwa makadirio kwenye mkono wa throtli ni kubahatisha na giaboksi nzima.

Sharti la pili ni pedali. Mtu akae ndani aikanyage hadi chini, injini ikiwa imezimwa, nawe utazame kama throtli inafunguka yote. Gari la zaidi ya miaka 50 lina zulia nene na viungo vilivyolegea, na mara nyingi throtli huishia robo tatu. Rekebisha hilo kwanza.

Sasa rekebisha kebo yenyewe. Bonyeza kitufe cha kirekebishi, sukuma kitelezi kirudi kwenye kishikio, mbali na kabureta, hadi kigome, kisha achia kitufe. Mwambie mwenzako akanyage pedali hadi mwisho mara moja. Utasikia mlio wa meno, tik-tik-tik, kirekebishi kikijipanga chenyewe. Throtli ikiwa wazi yote, kebo iwe imevutwa hadi mwisho wake kabisa. Throtli ikiwa imefungwa, kebo isiwe na ulegevu hata kidogo, na mkono wa throtli urudi bila kuzuiwa.

Usiishie hapo. Fungua plagi ya inchi 1/8 ya kupimia shinikizo ubavuni mwa giaboksi, ufunge geji ya hadi psi 300 yenye mpira mrefu, na utakapowasha injini tazama sindano. Vuta throtli kidogo tu: shinikizo lianze kupanda mara moja, pamoja na throtli. Kama throtli inasogea na sindano imelala, kebo bado imelegea au jiometria si sahihi, na gari lisitoke uani.

Umeme wa konveta

Klachi iliyo ndani ya konveta hujifunga kwenye mwendo wa safari ili kuondoa mtelezo na joto. Katika gari la asili ilisimamiwa na kompyuta. Chevelle haina, kwa hiyo waya utaupanga wewe. Peleka umeme wa volti 12 unaopatikana swichi ikiwa imewashwa, kupitia fyuzi ya ampea 10 na swichi ya pedali ya breki, hadi pini A ya plagi. Pini D iunganishe kwenye bodi kupitia swichi ya vakyumu inayofunga injini ikiwa na mzigo mdogo, na swichi ya shinikizo ya gia ya nne ifanye konveta isijifunge chini ya gia hiyo. Swichi ya breki ni ya lazima. Konveta ikibaki imefungwa wakati wa kusimama, injini itazimika kama gari la klachi ya mguu ambalo dereva amesahau kukanyaga.

Usiikate klachi hii kwa kukwepa kazi ya waya. Giaboksi itatembea, lakini joto litakuwa juu siku zote.

Mafuta, kuwasha na safari ya kwanza

Suuza mabomba na kipoza kilicho ndani ya rejeta kwa dawa ya kusafishia hadi kitoke safi, na uongeze kipoza cha nje mbele ya rejeta. Giaboksi kavu pamoja na konveta huchukua takribani lita 10 za mafuta ya Dexron. Tia lita 5 kwanza, washa injini, ongeza mara moja huku ikiunguruma bila mzigo, pitisha fimbo polepole kwenye kila gia, kisha pima tena mafuta yakiwa ya moto na injini ikizunguka.

Kwa safari ya kwanza, geji ya shinikizo iingie ndani ya gari kupitia dirishani, ikiwa imefungwa mahali unapoiona. Endesha kwa kukanyaga kidogo, kisha nusu, ukitazama kwamba sindano inapanda na mguu. Gia zikibadilika mapema mno na kwa ulaini wa kupendeza, simama ukazie kebo. Zikichelewa na kugonga, ilegeze kidogo kwa kubofya kitufe tena. Ovadraivu uiache peke yake hadi gia tatu za kwanza zikuridhishe.

Spidomita itadanganya, na hesabu yake ni rahisi. Zidisha meno ya gia iliyo kwenye shafti kwa uwiano wa difu, zidisha tena kwa mizunguko ya tairi kwa maili, kisha gawa kwa 1,000. Kwa gia ya meno 15, difu ya 3.31 na tairi ya inchi 26 inayozunguka mara 776 kwa maili, unapata 38.5, basi nunua gia ya kebo yenye meno 39, au 38 ukipenda spidomita isome juu kidogo.

Baada ya kilomita 800 shusha sampu, badilisha chujio, na futa sumaku kwa kitambaa cheupe. Kaza upya bolti za boriti na mauntini ukiwa bado chini ya gari.